Mgeni Mpe Jembe: Watu Wetu na Marafiki wa Ng'ambo ya Ziwa



Tangu boti zianze kurudisha watu wetu kutoka Kigoma, wanaorudi wanaomba vitu vile vile: bati, mbegu, masufuria, pesa za masomo ya watoto. Hayo yanaandikwa kwenye daftari, na tunafanya tunachoweza. Lakini kuna neno moja halina nafasi kwenye daftari. Mtu analisema mwisho, kwa sauti ya chini, akiwa tayari amesimama kuondoka: "Hapa sijue mutu."

Kijana aliyezaliwa Nyarugusu akarudi Fizi na miaka 20 amekuja katika nchi ambayo hajapata kuiona. Kwenye karatasi iko nyumbani. Kwa moyo ni mgeni kabisa, kama vile baba yake alivyokuwa mgeni siku aliposhuka kwenye mtumbwi kule Tanzania mwaka 1996. Ndiyo maana safari hii ukurasa wa historia unauliza: watu wetu waliovuka ziwa hili zamani walipataje marafiki kule walikofika? Na mahali waliposhindwa, nini kiliwazuia?

Jibu tunalolipata linafanana kila mara. Wahenga walilisema kwa maneno machache: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku hizi watu wanalitumia neno hilo kumfukuza mgeni mvivu. Sisi tunaona lina maana nyingine pia. Mgeni asiyepewa jembe anabaki mgeni mpaka mwisho.

Njia ya misafara

Watu wa Kongo walianza kuvuka ziwa Tanganyika zamani sana, na tuseme ukweli, wengi hawakuvuka kwa kupenda. Katika karne ya 19 misafara ya pembe na watumwa ilitoka Ujiji, ikavuka ziwa, ikafika Nyangwe na Kasongo. Mwezi wa Julai 1871 David Livingstone alikuwa Nyangwe siku wafanyabiashara wenye bunduki walipowapiga risasi watu waliokuja sokoni, wengi wao wanawake. Wengine walikufa maji katika mto wakijaribu kukimbia. Watu wa Maniema waliofika Ujiji siku zile walifika wengine katika minyororo, wengine na mizigo kichwani, wengine na bunduki za bwana wao.

Katika njia ile ile ya hatari, mtu peke yake alikuwa mtu wa kufa. Kwa hiyo watu walibuni namna za kupata ndugu pasipo kuzaliwa naye. Namna ya kwanza ilikuwa kuchanjiana. Wawili wanachanjwa kidogo, damu ya huyu inaingia kwa yule, na kuanzia hapo mmoja akipita katika nchi ya mwenzake anapewa njia, chakula na pa kulala. Hata wakubwa walifanya hivyo: mwaka 1876 Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi aliyeogopwa na wengi, alichanjiana na Stanley. Kila mmoja alikuwa na kitu ambacho mwenzake alikihitaji, yaani amani katika barabara.

Namna ya pili ilikuwa utani, na hiyo iko hai mpaka leo Tanzania. Makabila yaliyokutana katika misafara, wakati mwingine hata yaliyopigana, yalifanya mapatano ya kuchekana. Mtani anakutukana mbele ya watu na wewe hukasiriki. Anachukua kuku wako na wewe unacheka. Lakini ukifiwa, ndiye anayekuja kushika kazi za mazishi na kuwachekesha wafiwa wasizame katika majonzi. Angalieni vizuri hapo: ruhusa ya kucheka inakwenda pamoja na wajibu wa kuzika. Mtani ambaye haji kwenye msiba ni mtu wa matusi tu.

Wamanyema

Wale waliofika Ujiji kwa minyororo au kwa mizigo hawakubaki hivyo. Baada ya miaka walikuwa na nyumba, mashamba, mitumbwi na wake wa pale pale. Jina la nchi waliyotoka, Maniema, likawa jina la kabila: Wamanyema. Ukienda Ujiji leo, hawaitwi wageni na mtu. Kule Bujumbura, kartye ya Buyenzi ilijaa watu wa asili hiyo hiyo wanaosema Kiswahili. Na Dar es Salaam, katikati ya Kariakoo, kuna Msikiti wa Manyema. Wazee wao hawakutoka kabila moja. Walitoka vijiji mbalimbali vya Kongo, wengine hata hawakusikilizana lugha. Kiswahili, dini na kazi za mji ndivyo vilivyowafanya wawe watu wamoja.

Huo msikiti unatufundisha jambo. Mtu anayejenga nyumba ya ibada katika mji wa watu amekwisha kuacha kungoja kukaribishwa. Sasa na yeye ana mlango, na jirani anaweza kuingia kwake. Urafiki unahitaji mlango kila upande.

Ndugu wa ngoma na gitaa

Miaka mia moja baada ya Nyangwe, Maniema ilipeleka mtu mwingine ng'ambo, safari hii kwa hiari yake. Remmy Ongala alizaliwa Kindu mwaka 1947. Mwaka 1978 alifika Dar es Salaam kuingia katika Orchestra Makassy ya mjomba wake, halafu akawa kiongozi wa Super Matimila. Kwa hiyo alianza kwa ndugu wa damu, kama tunavyoanzaka sisi wote. Lakini hakuishia hapo. Aliimba kwa Kiswahili shida za watu wa Dar es Salaam: umaskini, kifo, ugonjwa wa ukimwi. Mwenyeji aliyesikia redio alisema, huyu anaimba mambo yangu. Remmy alikufa mwezi wa Desemba 2010, na mpaka leo ukipanda daladala kwenda Sinza unaweza kumwambia konda akushushe "kwa Remmy". Mtoto wa Kindu amekuwa jina la kituo katika mji wa watu.

Hakuwa peke yake. Katika miaka ya 1970 bendi ya Maquis du Zaire iliweka makao Dar es Salaam, na watu wakacheza mtindo wao, Kamanyola bila jasho, wengi wao pasipo kujua kwamba Kamanyola ni mji wa kwetu huku Kivu ya Kusini. Wanamuziki wale walikuja na kitu mkononi. Wenyeji walikitaka, wakajifunza, wakapiga gitaa pamoja nao, na baadaye haikujulikana tena muziki upi ni wa nani.

Hapo kuna mchezo mdogo wa lugha. Kwetu "bongo" ni uongo. Kule Bongo ni jina ambalo wenyeji wameipa Dar es Salaam na hata nchi nzima, juu ya akili anazohitaji mtu ili aishi pale. Remmy aliita muziki wake Bongo Beat. Wengi wetu tuliofika kambini tulisikia mtu anasema kwa furaha "mimi natoka Bongo" tukashangaa anavyojisifu.

Wakati jembe lilitolewa

Vita vya 1964 na 1965 viliwatoa watu wengi Fizi na Uvira. Walivuka kwenda Kigoma kwa mitumbwi. Wengine walikaa katika vijiji vya kandokando ya ziwa, wakavua samaki na kulima, na ndiyo sababu ukiwa Kigoma leo unakuta Wabembe ambao babu zao wamezikwa pale. Serikali ya Mwalimu Nyerere ilikuwa na sera ya kuwapa wakimbizi ardhi. Kwa Wakongomani kulifunguliwa makazi ya Pangale katika mkoa wa Tabora. Kwa Warundi waliokimbia mwaka 1972 kulikuwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Watu walipewa mashamba, wakafyeka pori, wakalima, wakauza mazao kwa wenyeji na kulipa kodi. Mwaka 1983 Nyerere alipewa tuzo ya Nansen, ambayo hutolewa kwa mtu aliyewafanyia wakimbizi mema makubwa.

Matokeo yalionekana baada ya miaka mingi. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia zaidi ya watu 160,000 wa kundi lile la Warundi wa 1972 na watoto wao. Serikali ilitia saini, ni kweli. Lakini ilitia saini jambo ambalo mahindi, harusi na mazishi vilikuwa vimelitayarisha kwa miaka 40.

Wakati jembe lilikatazwa

Sisi wa 1996 tulikuta nyakati nyingine. Uvira iliangukia mikono ya AFDL mwezi wa Oktoba, watu wakaingia ziwani usiku, na mwezi wa Novemba Nyarugusu ikafunguliwa katika wilaya ya Kasulu. Mwaka 1997 ikafuata Lugufu. Vita vya Agosti 1998 vikaleta wengine. Mwaka huo huo Tanzania ilitunga sheria mpya ya wakimbizi: kila mkimbizi akae katika eneo alilopangiwa, na asitoke pasipo kibali. Katika kambi zetu mpaka ulikuwa kilomita 4. Ukikamatwa mbali zaidi, ulijua unapolala usiku ule.

Tusiwaseme vibaya Watanzania. Nchi yao ilikuwa imepokea Warundi, Wanyarwanda na sisi kwa wakati mmoja. Walitupokea, na wengi wetu tuko hai juu ya hiyo. Lakini sheria ile ilifanya jambo moja ambalo halikuwa katika sheria za zamani: ilimnyang'anya mgeni jembe. Tulipewa posho na PAM: unga wa mahindi, maharage, mafuta, chumvi. Mtu anayepewa kila kitu na hana cha kutoa, jirani anamwonea huruma mwaka wa kwanza, mwaka wa tatu anamwonea wivu, na mwaka wa kumi anamwogopa.

Na bado marafiki walipatikana. Walipatikana wapi? Pale penye ufa katika sheria.

Kwanza ni bugali. Sisi tumezoea bugali wa muhogo. Posho ilikuwa mahindi. Mama zetu walibeba mahindi mpaka sokoni wakayabadilisha kwa muhogo wa Waha wa vijiji vya jirani kama Makere. Muha alihitaji mahindi na mafuta, sisi tulihitaji muhogo, ndizi na ndagala. Mama akirudi kwa mama yule yule kila juma, baada ya mwezi wanajuana majina ya watoto. Baada ya mwaka wanakopeshana. Urafiki mwingi wa kambini ulianza kwenye kipimo cha kopo.

Pili ni lugha. Tulidhani tunajua Kiswahili, kumbe. Sisi tunasema ndagala, wao dagaa. Sisi sombe, wao kisamvu. Sisi lengalenga, wao mchicha. Sisi kinga, wao baiskeli. Mtu alicheka, mwingine akasahihisha, na kusahihishana ni mazungumzo. Wengi walipata rafiki wa kwanza wa Kitanzania kwa sababu ya neno lililotoka vibaya. Kidogo kidogo ukawa utani wa namna yake.

Tatu ni hospitali na matanga. Wanakijiji walikuja kutibiwa katika hospitali ya kambi, na hapo mkimbizi aliyekuwa muuguzi au mkunga akawa na kitu cha kumpa mwenyeji. Mwanamke hamsahau mtu aliyempokelea mtoto wake. Na mtu alipokufa upande mmoja, walikuja wa upande wa pili. Wao wanasema msiba, sisi tunasema kilio. Machozi ni yale yale.

Nne ni vibarua. Watu walitoka kwa siri kwenda kulima katika mashamba ya Waha kwa pesa kidogo au kwa debe la mihogo. Wengine walidhulumiwa, walifukuzwa jioni pasipo kulipwa, nao hawakuweza kushtaki maana wao wenyewe walikuwa wamevunja sheria. Lakini wengine walilima kwa mtu mmoja miaka mitano, sita, mpaka wakawa kama wa nyumbani. Hata jembe la kuibia lilileta urafiki. Lingekuwa la halali, lingeleta zaidi.

Kurudi ni kuhamia ugenini

Mwaka 2005 HCR ilianza kurudisha watu kwa meli kutoka Kigoma mpaka Baraka. Mwaka 2009 Lugufu ilifungwa, na waliobaki wakapelekwa Nyarugusu. Wengine baadaye wakapelekwa Marekani na nchi nyingine za mbali, ambako wanaanza tena kazi hii ya kutafuta rafiki, safari hii hata pasipo Kiswahili cha kuchekeana.

Sisi tuliorudi tulifikiri kazi hiyo imekwisha. Tulikuta kwamba wageni sasa ni sisi. Shamba la baba lilikuwa na mihogo ya mtu mwingine. Watoto wetu walisema "dagaa" sokoni, watu wakageuka kuwaangalia. Na waliobaki walikuwa na neno moyoni. Wakati sisi tulipanga mstari wa posho, wao walikuwa porini. Mwisho wa 1998 na mwanzo wa 1999 watu waliuawa kwa wingi Makobola, na waliookoka ndio waliozika. Mtu aliyezika hivyo anapomwona mwenzake anashuka kwenye meli na mablanketi mapya na magunia, huzuni yake inageuka kuwa swali: ulikuwa wapi?

Swali hilo halijibiwi kwa maneno, hata kama jibu la kweli ni kwamba na sisi tulizika kule. Linajibiwa kwa namna ya mtani: kwenda kwenye matanga. Katika vijiji vingi vyetu kuna waliokufa ambao matanga yao hayakuondolewa kamwe, kwa kuwa risasi zilikuwa bado zinalia. Familia zilizorudi na familia zilizobaki zinapokaa pamoja kuondoa matanga hayo, kila moja ikileta unga wake na kuni zake, mambo ya shamba yanazungumzika baadaye. Pale ambapo tulianza na shamba kabla ya matanga, kesi zingine ziko kwa shefu mpaka leo.

Kisanduku chekundu

Wengi mnajua MUSO zetu na visanduku vyake vitatu. Cha kijani ni cha akiba na mikopo ya wanachama. Cha bluu ni cha pesa zinazotoka nje. Chekundu ni cha ugonjwa na kifo: kila mmoja anatia kidogo kila kikao, na anayepatwa na shida anasaidiwa pasipo kurudisha. Watanzania walitukuta na likelemba, sisi tukawakuta na upatu, na kumbe ni kitu kimoja. Lakini likelemba inazunguka kati ya watu wanaoaminiana tayari. Kisanduku chekundu kinaweza kuwafanya wasiojuana waanze kuaminiana, maana kinafanya kazi ya mtani.

Kwa hiyo, kutokana na historia hii, kamati inapendekeza mambo matatu.

La kwanza, anayerudi atie pesa katika kisanduku chekundu tangu kikao chake cha kwanza, hata kama ni kidogo sana, hata kama sisi ndio tuliompa masufuria juzi. Tusimsamehe mchango kwa huruma. Tukimsamehe, tutakuwa tumemwekea kilomita 4 zake hapa hapa nyumbani.

La pili, waliobaki waingie MUSO pamoja na waliorudi. Chama cha waliorudi peke yao ni kambi nyingine isiyo na uzio. Undugu ni kufaana, si kufanana.

La tatu linawahusu wafadhili wetu, na tunalisema kwa heshima. Kisanduku cha bluu kinatusaidia, na tunashukuru. Lakini mnapopanga msaada, mtuulize pia huyu mtu ataweza kumpa nini jirani yake. Mbegu za mahali ambapo wawili wanalima shamba moja zinazaa kuliko mbegu za kila mtu pembeni. Mashine moja ya kusaga muhogo inayotumiwa na kijiji chote, ikishikwa na waliorudi na waliobaki pamoja, inaleta watu karibu kuliko magunia mia ya unga. Na marafiki tuliowaacha Kasulu na Kigoma ni mali pia. Wafanyabiashara wetu wanaochukua bidhaa Kibirizi kwa mali kauli wanazipata kwa sababu ya jina jema waliloliacha kule. Nauli ya boti kwenda kuhani msiba wa Muha aliyetupa muhogo si pesa iliyopotea.

Wahenga walisema tena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kupona huko kunatoka kwa mgeni aliyeruhusiwa kushika jembe.

Katika kikao kijacho yataandikwa majina kwa ajili ya msimu huu wa kulima: aliyerudi mmoja, aliyebaki mmoja, shamba moja. Anayetaka kuandikwa amwone mwandishi wa chama kabla ya mvua kuanza.